Kipupwe cha Blanketi la Umeme

Dunedin, 1984

3 Juni
Baridi imeingia na haina haya. Mazoezini leo Fergus amesimamisha wimbo katikati na kuniambia matoazi yangu yanamchoma masikioni. Nimempigia ngoma miaka minne, na siku zote malalamiko yake yalikuwa kwamba napiga kama naogopa kuamsha mtoto. Nikamwambia avae kofia. Hemi, ameinamia gitaa lake la besi, akacheka, tukaendelea.

4 Juni
Kiwandani kutwa. Nanuka chokoleti hadi kwenye soksi.

7 Juni
Fergus hakuja tena. Ukiacha Jumamosi na Jumapili, Alhamisi mchana ndiyo siku pekee sote watatu tuko huru: mimi natoka kiwandani saa sita, Hemi ameshamaliza kugawa barua, na Fergus hana kazi ya kumzuia. Anasema anamsaidia mama yake kubeba makaa. Mtu aliyekuwa akinitumia mimi kubeba amplifaya yake ngazi tatu, leo amekuwa mchukuzi wa makaa.

10 Juni
Tumegombana. Ipo siku tutabishana nani alianza, kwa hiyo naandika yote.

Mashine ya kurekodia imetufikia. Bendi zote za mji huu tunaimiliki pamoja, ni moja tu, ya njia nne za sauti, na huhama nyumba hadi nyumba ndani ya kigari cha mtoto ambacho dada yake Hemi hakihitaji tena. Sheria zake hazikuandikwa popote na hakuna anayezivunja. Ikikufikia unarekodi, ukimaliza unaisukuma kwa anayefuata. Lazima bendi nzima iseme ndiyo. Mmoja akisema hapana, kigari kinapita na nyinyi mnarudi mkiani. Zamu haibadilishwi kwa ajili ya mtu yeyote. Huko kaskazini, Auckland, mwenye pesa ndiye anayepanga foleni, na sisi hatutaki kufanana nao.

Fergus alitaka turekodi santuri nzima wiki hii, ile santuri yetu ya kwanza tuliyoiota tangu tuanze Blanketi la Umeme. Tuna nyimbo sita zilizoiva na tatu ambazo bado ni mbichi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba wimbo lazima upigwe mbele ya watu mpaka uchubuke, ndipo unafaa kurekodiwa. Hemi alikuwa tayari, lakini Hemi huwa tayari kwa kila kitu. Mimi nikauliza haraka ya nini.

"Haraka ni haraka tu, Bron. Sema ndiyo."

"Haraka yako ina mwenyewe," nikamwambia. "Mtaje."

Akanitazama kama sijasema kitu, akainama kukunja waya wake. Dharau hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nikasema hapana.

12 Juni
Kigari kimepita mbele ya dirisha langu kikisukumwa kuelekea kwa wengine, kimefunikwa plastiki kwa sababu ya mvua. Tutakiona tena mwisho wa Agosti. Fergus hajaniambia neno. Angefoka ningelala vizuri zaidi.

17 Juni
Tumepiga Jumapili mchana kwenye ukumbi wa kanisa, watoto na wazee ruksa, chai na mikate ya kukunja ya jibini inauzwa mlangoni. Upepo ulikuwa unatoka moja kwa moja kwenye barafu ya ncha ya kusini. Fergus akapanda jukwaani, akavua viatu, akavua na soksi, akawapa watu mgongo. Nyimbo zote alizipiga peku akiwa amenikodolea mimi macho.

Si macho ya mapenzi, hayo nayajua. Alikuwa akiangalia mikono yangu kama msimamizi wa kiwandani anavyotuangalia anapotafuta wa kumfukuza. Kila nikiinua kijiti, macho yake yako pale. Nimekosea mara mbili kwa sababu ya macho hayo, na najua ameona.

18 Juni
Hemi anasema ninawaza sana. Hemi aliwahi kuuziwa baiskeli yake mwenyewe.

21 Juni
Dalili ya mvua ni mawingu. Nimekutana na mama yake Fergus buchani, yuko na mumewe. Mzee Laing alitoka kwenye karakana ya reli akiwa kiziwi kabisa, kwa hiyo mkewe humpigia kelele dukani kote: figo au ini? Nikamwuliza mama, kwa upole, kama Fergus anabeba makaa vizuri. Akashangaa. Makaa yao yanaletwa na gari Jumanne, na Alhamisi zote hizi hajamwona mwanawe hata kivuli.

Nimerudi nyumbani bila nyama. Mtu akidanganya kuhusu makaa, atadanganya kuhusu kila kitu.

25 Juni
Gazeti la wanafunzi limeandika habari zetu. Mwandishi, kijana mwenye skafu ndefu kuliko akili, anasema Fergus sasa "anaimba pembeni ya sauti kwa makusudi, kama mtu anayekataa kuingia nyumba aliyokaribishwa." Anauita ushujaa. Ni kweli Fergus ameanza kuimba upande upande, nje ya sauti ya gitaa, lakini hapa kwetu kuimba sawasawa ndiko kunakohitaji kuombewa radhi, kwa hiyo kila mtu amefurahi. Kuhusu miguu peku, anasema ni maombolezo.

1 Julai
Vijana wa bendi moja ya mtaa wa North East Valley wamepiga leo wakiwa peku wote wanne, wakimwiga Fergus. Mpiga besi wao ametoka jukwaani vidole vya miguu vimegeuka zambarau. Fergus alikuwa ameegemea ukuta, hata hakutabasamu.

5 Julai
Amekuja mtu kutoka Auckland. Anaitwa Gavin Strand, koti lake halijawahi kulowana, na anatoka kwenye kampuni kubwa ya rekodi. Amekaa mkahawani mchana wote akiwanunulia watu pai na kuwauliza habari za bendi. Hemi amekula mbili na kumwambia hajui lolote.

8 Julai
Nyimbo mpya za Fergus zote ziko chini, nzito, kama mtu anayeimba ndani ya kisima. Matoazi hayalalamikii tena. Nimeyapiga leo kwa nguvu zote, makusudi, karibu na sikio lake, naye akakunja uso kidogo tu na kuendelea. Mtu asiyekerwa na wewe tena ameshakuhama moyoni.

12 Julai
Alhamisi. Hayupo. Mvua.

15 Julai
Sasa najua.

Baada ya onyesho Gavin Strand alinifuata nikifunga ngoma zangu. Alinisifu kwanza, kama mtu anavyomsifu mbuzi kabla ya kumchinja. Kisha akasema anatumaini hakutakuwa na chuki, mambo haya hutokea, na Fergus amekubali kwenda Auckland peke yake mwezi wa tisa, kampuni itamtafutia wapigaji wa huko. Nikamwuliza ni maneno gani hasa aliyoyatumia Fergus. Akasema walizungumza mkahawani Ijumaa, palikuwa pamejaa, na Fergus aliitikia kwa kichwa kila jambo na kutabasamu.

"Kila jambo?" nikauliza.

"Kila jambo. Sijawahi kupata kijana mwepesi hivyo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ile haraka ya Juni nimeielewa: alitaka santuri mkononi aende nayo kaskazini kama mtu anavyokwenda ukweni na kitambaa kipya. Mikono yangu ndiyo ilikuwa kitambaa. Nashukuru nilisema hapana. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma mara kadhaa, na bado nashukuru.

16 Julai
Nimemwambia Hemi. Alisema ingekuwa vizuri kumwuliza Fergus mwenyewe. Nikamjibu kwamba mwizi haulizwi njia aliyopitia. Hemi akasema mwizi gani huyo anayekuja mazoezini kila Jumapili kabla yetu sote na kuwasha hita.

19 Julai
Simsemeshi Fergus. Hajagundua, au anajifanya hajagundua.

22 Julai
Bado.

24 Julai
Theluji kidogo asubuhi. Kiwandani wamebadilisha minti ya kutia kwenye chokoleti.

28 Julai
Hili lazima niandike lote.

Chumba chetu cha mazoezi kiko juu ya ukumbi wa kanisa, na leo chini palikuwa na chai ya mazishi. Kabla hatujaanza, Bi Geddes, mtunza ukumbi, alipanda ngazi na kutuomba kwa adabu. Ngoma tupige, gitaa tupige, marehemu alikuwa mtu wa vijana, ila vile vyuma vyangu viwili, yaani matoazi, tuviache mpaka wafiwa waondoke. Nikamwahidi. Fergus alikuwa ametoka kununua pai, hakusikia, na mimi sikumwambia kwa kuwa simsemeshi.

Tukaanza ule wimbo mrefu, ambao mwishoni matoazi huanguka yote mawili kwa pamoja na gitaa hugeuza mahadhi. Mkono una mazoea yake. Ulipofika pale nikainua vijiti, nikavishusha kwa nguvu, nikavizuia hewani karibu kabisa na chuma. Hapakuwa na sauti. Hemi mwenyewe aliinua kichwa kwa jinsi palivyokuwa patupu.

Fergus, aliyekuwa amenikodolea macho kama kawaida, akafumba jicho moja na kukunja uso, akavuta bega kwenye sikio, vilevile kama alivyofanya ile siku ya mwanzoni mwa Juni. Alikuwa akiumizwa na matoazi ambayo sikuyapiga.

Kwanza nilidhani ananikejeli. Nikarudia. Nikashusha vijiti hewani, kimya kitupu, naye akakunja uso tena na kugeuza mahadhi mahali penyewe hasa, bila kuchelewa hata kidogo. Hakuwa akinikejeli. Alikuwa ameona mikono yangu ikishuka na akaweka uso unaostahili. Nikaangalia miguu yake peku juu ya mbao, vidole vimetandazwa karibu na ngoma yangu ya mguu, nikakumbuka Mzee Laing buchani, figo au ini. Nikaacha kupiga.

Hemi naye akaacha. Fergus akaendelea peke yake kidogo, mpaka alipoona mikono yangu imelala mapajani.

Nikamwuliza, "Tangu lini?" Hakujibu. Nikasogea mpaka akaniona mdomo, nikauliza tena.

"Kabla ya Krismasi," akasema. "Sauti nyembamba zinakwenda kwanza. Baba naye ilikuwa hivyohivyo, watu wakasingizia karakana. Daktari wa masikio ananipima kila Alhamisi. Anasema nene zitabaki mpaka majira ya joto, labda."

Hemi akakaa juu ya amplifaya yake, akasema alidhani Fergus anakuwa msanii. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kulia, na Fergus, ambaye hakuisikia ile sauti bali maneno tu kwenye midomo, akacheka.

Nikamwuliza kuhusu Auckland. Akakunja uso mara mbili tatu akijaribu kukumbuka. "Yule mwenye koti? Bron, pale mkahawani kulikuwa na vikombe na watu mia. Sikuambulia hata neno moja. Nikawa naitikia kwa kichwa ili aondoke."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeanza kupiga kwa huruma. Na mji mzima ungeniita shujaa." Akafuta mikono kwenye suruali, kisha akasema bila kunilaumu, na hilo ndilo baya zaidi, "Nilitaka turekodi Juni kwa sababu Juni nilikuwa bado nayasikia matoazi yako. Yalikuwa yananiumiza, lakini nilikuwa nayasikia."

Chini walikuwa wanaimba wimbo wa kuaga maiti. Pai yake ilikuwa imepoa. Nilisema nasamehe, badala ya kusema nisamehe, nikasahihisha, naye hakuona tofauti kwa sababu nilikuwa nimeinamisha uso.

28 Julai
Nimeshindwa kula. Mara hii nilikuwa macho kuliko wote, nikaona kila kitu, miguu, macho, Alhamisi, uongo wa makaa, na katika yote niliyoyaona hakuna hata kimoja nilichokijua. Hasira yangu sina pa kuipeleka. Hapana yangu ilikuwa neno moja tu na imekula kipupwe kizima.

30 Julai
Nimekwenda kuiomba mashine. Iko kwa Morag Petrie na bendi yake ya Ngazi za Nyuma, halafu wanafuata wale wa miguu zambarau, halafu sisi. Fergus ametuapisha tusimwambie mtu, kwa hiyo nilisimama jikoni kwa Morag na kumwomba tubadilishane zamu bila kumpa sababu. Morag ni mtu mwema. Aliniwekea chai, akaniuliza kama ni yule mtu wa Auckland. Nikasema hapana. Akauliza basi haraka ya nini.

"Ni haraka tu, Morag."

"Haraka yenu ina mwenyewe," akasema. "Siku ukiweza kumtaja, rudi."

Nilimeza chai yangu yote ikiwa ya moto.

2 Agosti
Alhamisi. Mimi mwenyewe nimempeleka Fergus kwa daktari wake, nikakaa kwenye benchi la nje. Kupitia mlango nilisikia mlio mwembamba wa kile chombo cha kupimia, ukapanda, ukapanda zaidi. Kisha sauti ya daktari: inua mkono ukisikia. Nilikuwa nje ya mlango na nimeinua mkono wangu mimi.

6 Agosti
Mji unasema Blanketi la Umeme tumenunuliwa. Imeanzia jikoni kwa Morag, bila shaka. Jana Jumapili mtu alipiga mluzi tulipopanda jukwaani na mwingine akaniuliza bei yangu. Kijana wa skafu ameandika kwamba mpiga ngoma, yaani mimi, "anaonekana kuwa na mipango." Lisemwalo lipo, ndivyo nilivyozoea kusema kuhusu watu wengine. Ningeweza kuwanyamazisha wote kwa sentensi moja, na sentensi hiyo si yangu.

Fergus alipoona midomo yao alielewa. Akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akagonga ukingo wa ngoma yangu mara mbili kwa vidole. Tukaanza.

9 Agosti
Gavin Strand ameondoka. Hemi alimweleza polepole kwamba kwetu kuitikia kwa kichwa si mkataba. Akatuacha na pai tatu.

14 Agosti
Fergus haisikii tena simu ikilia. Kengele ya mlango ilikwenda wiki iliyopita. Anazitaja sauti hizi kama mtu anayehama chumba baada ya chumba na kuzima taa mwenyewe. Nimejifunza kuinua mikono juu zaidi ninapopiga. Mabega yananiuma usiku, na nafurahia maumivu hayo.

19 Agosti
Mvua ya mawe. Mazoezi marefu. Nyimbo zote tisa zimechubuka sasa, hata zile tatu. Ningekuwa mtu mwingine ningesema kusubiri kumezifaa.

24 Agosti
Wale vijana wa miguu zambarau wamekuja na kigari saa kumi jioni, viatu miguuni, na kutukabidhi mashine bila kutusalimu.

25 Agosti
Tumerekodi sebuleni kwa shangazi yake Hemi, magodoro ukutani, kuku wake nje wakifungiwa wasisikike. Nilipanga ngoma zangu mwenyewe, zikimtazama Fergus, na nikakunja zulia ili akanyage mbao tupu. Shangazi akamwambia Fergus: kijana, utapata homa ya mapafu. Akamwekea matofali ya moto kando ya miguu, akatoka bila kuuliza zaidi.

Nyimbo nane zilikwenda vizuri, mbili kwa mara ya kwanza kabisa. Baada ya kila wimbo Hemi alirudisha mkanda nyuma, na Fergus alilala sakafuni, kifua juu ya spika, viganja vimeikumbatia, tukamwachia. Ningependa wale waliopiga mluzi wangemwona, na pia nafurahi hawakumwona.

Baada ya wimbo wa nane aliinuka polepole. "Ngoma ya mguu ninayo," akasema. "Besi ninayo, yote. Matoazi yamo?"

"Yamo," nikamwambia.

"Mazuri?"

"Mazuri."

Akaitikia kwa kichwa, na mara hii alikuwa amesikia nilichosema, au amekiona, kwake ni kimoja. Kisha akaenda kuweka sawa nyuzi za gitaa kwa kuliegemeza kwenye taya.

Ulibaki wimbo mmoja, ule mrefu, wenye matoazi mawili mwishoni. Wakati Hemi anabadilisha mkanda niliinuka, nikalegeza parafujo, nikayatoa matoazi yote mawili kwenye vyuma vyake na kuyaweka nje ya mlango, pamoja na kuku. Hemi aliniona, akaendelea na mkanda wake. Fergus naye aliniona, akasimama pale peku juu ya mbao akiangalia vile vyuma vitupu, akajua.

Nikainua mikono juu kadiri ilivyofika, nikahesabu, tukaupiga wimbo wote, na upande wangu ni ngoma peke yake. Kila sauti iliyokuwamo chumbani mle, Fergus aliipata.